Oksijeni Kwenye Kabati la Kanzu

Mwalimu wangu wa kemia hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu. Wenzangu walipotoka alinibakisha, akaliweka daftari langu mezani, akaliweka na la rafiki yangu pembeni yake, kisha akanionesha kwa kidole. Namba zangu zilikuwa zimenyooka mno. Kwa bahati mbaya, siku ile jaribio lilimharibikia kila mtu darasani, kwa sababu asidi yenyewe ilikuwa imepoteza nguvu. Mimi peke yangu nilipata majibu yanayofanana na ya kitabuni.

"Hizi ulizipata wapi?"

"Kwenye basi," nikasema. Ukweli ulinitoka kabla sijautafutia mzaha wa kuufunika.

Alikaa. Ni mwanamke mrefu, sauti yake ya chini, na akikaa unajua mambo yamekuwa makubwa.

"Baada ya likizo fupi," akasema, "kila mmoja wenu atathibitishwa kuendelea na masomo yake matatu. Wewe kwenye kemia sitakuthibitisha. Labda uniletee jambo moja ulilolipima mwenyewe kwa siku kadhaa, na mtu mwingine aweze kulirudia mbele yangu kwa kusoma maandishi yako tu. Wewe ukiwa kimya."

"Kimya kabisa?"

"Najua. Hapo ndipo penye kazi."

Naomba nieleweke: alikuwa na haki. Mimi ndiye niliyebandika kwenye mlango wa choo cha walimu karatasi iliyoandikwa "Tafadhali bisha, kinaogopa watu". Mimi ndiye niliyempa mwalimu wa zamu jina la babu yangu kama jina langu, akawa ananiita hivyo muhula mzima. Skuli nzima inanijua kwa kuchekesha, na nyumbani kwetu Thamesmead, hapa London, hali ni ile ile. Lakini kemia ni kitu kingine. Ndicho kipindi pekee ambacho wakati mwingine nusu saa inapita na mimi nimesahau kusema upuuzi. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo, maana lingeniharibia sifa. Nilipotoka darasani siku ile niliapa kimoyomoyo kwamba sitolewi. Kama ni kupima, nitapima hadi mita ichoke.

Yule bwana anayetayarisha vifaa vya maabara ndiye aliyenipa pa kuanzia. Alinipimia unga mweupe kwenye kichupa, akasema ni oksidi ya zinki, ile ile inayotiwa kwenye krimu ya vipele vya watoto. "Unapitisha umeme kidogo sana," akaniambia. "Ukiumulika kwa taa inayofaa, unapitisha zaidi. Kajue kwa nini."

Nikasoma. Nilisoma mambo mengi nisiyoyaelewa, nikayarudia, nikayaelewa kidogo. Nilichokiokota ni hiki.

Ndani ya ule unga mna elektroni chache zinazorandaranda, na hizo ndizo zinazobeba umeme. Sasa hewa yote inayotuzunguka imejaa molekuli za oksijeni. Oksijeni ikitua juu ya unga, inashika elektroni moja na kukaa nayo palepale. Mimi naifananisha na binamu zangu wanapokuja kwetu siku ya Idi. Kila mmoja anaingia, anachukua chaja moja, anakaa nayo kwenye kochi, habanduki. Wageni wakiwa ishirini, nyumba haina chaja, na simu yako itazimika mkononi huku chaja zote ukiziona. Ndivyo unga unavyokuwa gizani: elektroni zimeshikwa, umeme haupiti, na ukinzani unapanda.

Kisha mwanga unaingia. Si mwanga wowote, bali ule wa urujuanimno, ambao macho hayauoni. Unaipiga oksidi na kuirusha elektroni kutoka mahali pake, na mahali pale panabaki tundu. Tundu linajisogeza hadi juu, linamkuta mgeni na chaja yake, linammalizia chaji aliyoshika. Oksijeni haina tena cha kuishikilia, inabanduka na kurudi hewani. Ile elektroni iliyorushwa inabaki huru, inabeba umeme, na ukinzani unaanguka. Ukizima taa, wageni wanaanza kurudi mmoja mmoja, bila haraka, kama vile hawakufukuzwa.

Hilo ndilo nililotaka kulipima: kuondoka kwao na kurudi kwao.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vya kuchekesha, na wa kuchekwa nilikuwa mimi. Nilichukua kipande cha kioo kile cha hadubini, nikabandika tepu mbili za shaba, nikaupaka unga katikati baada ya kuukoroga kwa maji. Ulipokauka nilikipasha kioo kwenye oveni ya maabara hadi unga ukashika. Nikakitia kwenye sanduku la viatu nililolipaka rangi nyeusi, nyaya mbili zikatoka nje kwenda kwenye mita ya kupimia ukinzani. Ilibaki taa. Taa ya urujuanimno nyumbani kwetu ipo moja tu, nayo ni ya dada yangu, ya kukaushia rangi ya kucha. Ina rangi ya waridi na kibandiko cha paka.

Dada yangu ana miaka kumi na tisa. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, ila kwenye vitisho Kiswahili chake hakina kasoro.

"Ukiiunguza taa yangu," akasema, "nakuunguza na wewe."

"Naihitaji kwa ajili ya sayansi."

"Wewe? Sayansi?"

"Kuna oksijeni nataka kuifukuza."

Aliniangalia kama anayeangalia maziwa yaliyoganda, kisha akasema vyombo vyote vya jikoni ni juu yangu kwa wiki mbili. Nikakubali kabla hajaongeza bafu.

Giza nalo lilikuwa tabu. Chumba changu kina dirisha linalotazamana na taa ya barabarani. Pahala penye giza la uhakika nyumbani kwetu ni pale tu kwenye kabati la bibi yangu, mama mzaa baba, aliyekuja kutoka Pemba kabla sijazaliwa, na kabati lake ni kama nchi nyingine. Humo zinatundikwa kanzu zote za nyumba, ya baba na zangu, na mabuibui yake, na milango inafunga hadi mstari wa mwanga hauonekani. Nikaliweka sanduku chini ya kanzu, nyaya nikazipitisha chini ya mlango, mita ikakaa nje kwenye zulia. Bibi aliniruhusu bila maswali mengi. Aliuliza tu kama litanuka. Nikamwambia halinuki.

Jumatatu ya likizo nilianza. Nilikimulika kioo dakika kumi, nikazima, nikafunga kabati, nikawa nasoma mita kila nusu saa. Chini ya taa ukinzani ulishuka hadi megaomu mbili. Gizani ukapanda: nne, saba, kumi, na kuendelea pole pole hadi karibu ishirini jioni. Jumanne vilevile. Jumatano vilevile, ikapungua kidogo tu. Namba hazikunyooka kama zile za kwenye basi. Zilikuwa na vilima na mashimo, na mimi nilizipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake mwenye meno ya kupishana.

Mama, ambaye anafanya kazi ya kuhudumia wazee na huwa anarudi miguu ikimuuma, alinikuta nimelala kifudifudi mbele ya kabati nikiitazama mita.

"Unaumwa?"

"Nasubiri oksijeni irudi."

"Ikirudi iambie vyombo vimejaa kwenye sinki."

Alhamisi ndiyo siku iliyoharibika. Nilimulika, nikazima, nikaanza kusoma. Nne. Saba. Kumi na moja. Jua lilipokaribia kuzama mama akanituma dukani kuchukua maziwa na unga wa ngano. Dukani nikamkuta rafiki yangu, tukasimama kumcheka mtu aliyekuwa anabishana na mashine ya kulipia. Niliporudi nilitarajia kukuta kumi na tisa au ishirini na moja hivi. Mita ilisema tatu.

Nikaigonga. Tatu. Nikagusa nyaya, zote ziko mahali pake. Kabati limefungwa, taa ya kucha imezimwa na iko mezani. Gizani, bila mwanga wowote, wageni wangu wote walikuwa wameondoka.

Nitasema kilichotokea hapo kama kilivyotokea. Siku ile ilikuwa ya mwisho ya jedwali langu. Namba iliyotakiwa kuwemo niliijua, na yeyote angeiamini. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaandika 21.

Nikaitazama. Ilikaa vizuri pale, safi, imechana nywele. Nilijua kabisa kwamba hii ndiyo sababu ya mimi kuwa sakafuni wiki nzima ya likizo. Sikuifuta. Mwalimu alishatukataza kufuta, tunatakiwa tukate kwa mstari mmoja ili namba ya chini isomeke. Nikaikata kwa mstari mmoja. Chini yake nikaandika 3. Pembeni nikaandika kwa herufi ndogo: namba iliyokatwa niliibuni, iliyo chini yake ndiyo niliyoiona.

Halafu nikatoka kwenda kumtafuta mkosaji.

Sikwenda mbali. Kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia nilitazama juu, nikaona king'ora cha moshi kimevalishwa kofia ya plastiki ya kuogea. Kofia ile kwetu ina maana moja tu. Nikasahau vipi? Nimekulia humu. Kila Alhamisi baada ya magharibi bibi anapanda kigoda, anakivisha king'ora kofia, anawasha makaa kwenye chetezo, anatia udi, anazunguka chumba kwa chumba. Anamalizia kwenye kabati, maana kanzu za Ijumaa lazima zifukizwe. Na mimi, kati ya vyumba vyote vya London, nikaenda kukaribisha oksijeni kwenye kabati la udi.

Bibi alikuwa ameketi kitandani, anakunja mtandio.

"Bibi, umefukiza kabati?"

"Leo si Alhamisi?"

"Na sanduku langu je?"

"Nimelifunua kidogo, moshi ukaliingia vizuri." Alisema kwa fahari. "Nikalisomea na dua. Mamako kaniambia mtihani wako umo mle ndani."

"Bibi, umeniharibia."

"Nimeharibu nini? Mbona linanukia?"

Nikakaa chini. Nilitaka kukasirika lakini ni vigumu kumkasirikia mtu aliyekuombea dua. Nikamweleza yote, wageni, chaja, taa, tundu. Alisikiliza huku anakunja. Mwisho akauliza swali ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza.

"Sasa moshi wangu umewatoa vipi, na moshi si mwanga?"

Swali lilinikaa kichwani kama mfupa wa samaki kooni, na sikuwa tayari kwenda skuli na namba moja iliyokatwa na hadithi ya bibi. Jumamosi asubuhi nikamwomba arudie.

"Kufukiza Jumamosi?" akasema. "Kuna harusi?"

"Kuna tatu kwenye mita."

Kwanza nililitoa sanduku na kulifunua chumbani bila moshi, dakika tano, taa ya kawaida ikiwaka, kwa sababu huenda ni mwanga uliingia alipolifunua. Namba ilitikisika kidogo, ikaendelea kupanda. Basi si mwanga wa chumbani. Kisha nikamwachia bibi uwanja. Aliniambia nisimame mbali, eti nina haraka na udi hautaki haraka. Akatia vipande viwili juu ya makaa, akakipitisha chetezo mbele ya sanduku kwa mkono ulionyooka kama wa daktari wa upasuaji. Mita ikaanguka mbele ya macho yetu. Kumi na mbili, tisa, sita.

"Inashuka," nikasema.

"Naiona," akasema bibi, ambaye hajawahi kuona mita ya umeme maisha yake yote. "Tuongeze?"

Tulirudia mara tatu, kila mara kwa kioo kipya nilichokuwa nimekipaka unga, na mara zote tatu ilianguka. Dada yangu alikuja kulalamika kwamba nywele zake zinanukia kama harusini. Tulimfukuza.

Nikarudi kusoma. Kumbe ule moshi umebeba molekuli zinazopenda kuungana na oksijeni. Zikimkuta mgeni aliyeketi juu ya unga zinaungana naye, wanaondoka pamoja kama kitu kingine, na elektroni aliyoishika inabaki ndani. Nikagundua pia kwamba vipo vifaa vya kunusia gesi vinavyofanya kazi hivyo hivyo, kwa oksidi ya metali na oksijeni iliyoketi juu yake. Yaani wiki nzima nilikuwa nimetengeneza king'ora, na hicho ndicho pekee ambacho bibi hakukivisha kofia.

Nikaandika kila kitu. Siku tatu nzuri, Alhamisi na aibu yake, Jumamosi na bibi. Nilitamani kuuandika upya ukurasa wa Alhamisi bila ile 21. Nikaiacha.

Jumatatu mwalimu alimchagua msichana anayekaa mbele kabisa, ambaye kati ya watu wote darasani ndiye asiyecheka mizaha yangu. Akampa daftari, sanduku na mita. Mimi akaniweka kwenye stuli karibu na dirisha.

"Usiseme neno," akaniambia.

Ilipotolewa taa ya waridi darasa zima liliangua kicheko. Kuhusu kibandiko cha paka nilikuwa na majibu saba tayari, mengine mazuri kweli. Nikayameza. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Umekufa?" Nikatazama dirishani. Msichana akasoma maandishi yangu, akaunganisha nyaya, akakishika kioo kwa pembeni kama nilivyoandika, akamulika dakika kumi kwa saa yake. Ila kioo alikilaza upande wa unga ukiwa chini. Sikuwa nimeandika upande gani ukae juu. Kwangu lilikuwa jambo lisilohitaji kuandikwa. Mita ikashuka kwa uvivu. Nilikaza meno hadi taya zikauma. Akakunja uso, akasoma tena, akainama kukichungulia kioo, akakigeuza mwenyewe. Ikashuka hadi tatu. Akafunga sanduku, na baada ya robo saa akatangaza kwamba inapanda.

Kisha akafungua ukurasa uliofuata, akamtazama mwalimu.

"Nisome na hii?"

"Soma."

Akasoma kwa sauti. Kwamba namba iliyokatwa niliibuni. Darasa likageuka kunitazama, kama watu wanaosubiri kumwona mtu akianguka ngazi. Akaendelea: kwamba ni Alhamisi, kwamba bibi yangu alifukiza kabati. Hapo wakacheka, lakini mwalimu hakucheka. Alilichukua daftari, akasoma ukurasa wa Jumamosi wote akiwa amesimama.

"Sasa unaweza kusema," akaniambia. "Hii ishirini na moja ungeweza kuiacha nje ya daftari. Kwa nini imo?"

"Kwa sababu niliiandika."

Akafungua ukurasa tena. "Kilichoshusha ukinzani ni udi, au ni makaa yenyewe?"

Nilifungua mdomo. Majibu yalikuwepo, na lolote kati yao lingesikika vizuri. "Sijui," nikasema. "Sikuwasha makaa matupu. Nilipaswa kuyawasha."

"Na joto la moshi?"

"Hilo nalo sijui."

Kengele ikalia. Wenzangu wakaanza kutoka. Mwalimu alimrudishia msichana kalamu yake, akachukua yake mwenyewe, akaandika mstari mmoja chini ya ukurasa wa Jumamosi: makaa matupu, kisha udi, joto lipimwe mara zote mbili. Akanipa daftari.

"Ofisini nitapeleka orodha leo mchana," akasema. "Jina lako limo. Na andika upande gani wa kioo unakaa juu."

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, sikukipata. Nikakaa pale pale kwenye stuli, nikaandika: upande wenye unga uelekee kwenye taa. Msichana alikuwa bado anaitazama mita.

"Imefika sita," akasema. "Ikifika kumi niandike wapi?"

Nikamsogezea daftari.